Herufi Zilizofichwa Chini ya Rangi

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Nami naomba niongeze: usione vyabingirika, vimeandikwa. Ndugu msomaji, ni mara ngapi umesimama kando ya reli ukahesabu mabehewa ya gari moshi la mizigo, moja, mbili, tatu, mpaka ukachoka? Sisi tuliozaliwa karibu na reli tumehesabu tangu tungali watoto wachanga. Lakini kuhesabu si kusoma. Kila behewa lina maandishi ubavuni: herufi mbili au tatu kubwa, namba, na pembeni kuna mistari midogo ya tarakimu ambayo aghalabu hakuna anayeitupia jicho. Makala haya ni juu ya maandishi hayo, na juu ya majuma matatu ambayo chama chetu cha Kiswahili kiliyatumia kusoma ubavu mmoja wa behewa moja kuukuu kabla halijapakwa rangi.

Behewa lenyewe liko katika stesheni moja ndogo si mbali na Voi. Ni behewa la chuma lenye paa, la aina ya kubebea mizigo isiyotaka kunyeshewa. Magurudumu bado linayo ila haliendi popote, kwa kuwa limesimama juu ya kipande cha reli kilichokatwa huku na huku. Wazee wa hapo, wengi wao wastaafu wa reli, waliomba lisiuzwe kama vyuma chakavu, wakaachiwa liwe ukumbusho. Mchana mbuzi hulala chini yake wakikimbia jua. Jioni watoto hulipanda wakacheza udereva.

Muhula wa pili mwaka jana tukapata habari kwamba kamati ya ukumbusho imeamua kulipamba. Rangi ilikuwa imekwisha kununuliwa, buluu na manjano, na jina la kijiji lingeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa ili abiria wa barabarani walione. Watu walifurahi. Mimi pia sikuona ubaya. Jumamosi hiyo nilipokwenda kumjulia hali babu yangu, nikamweleza kama mtu anayepasha habari njema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za shule?"

Nikampa za shule, kisha nikampa za behewa. Akaacha kutafuna.

"Watapaka upande gani?"

"Pande zote, babu."

Alikaa kimya kama maji mtungini. Kisha akasema, "Basi kabla hawajapaka, hebu nenda ukaniangalilie kama ile E bado iko."

Hapana budi nimweleze msomaji babu yangu alikuwa nani. Huku kwetu kila mtoto humwambia mwenziwe kuwa babu yake alikuwa dereva wa gari moshi. Ukiyahesabu madai hayo utaona kwamba madereva walikuwa wengi kuliko injini. Babu yangu hakuwa dereva, wala gadi, wala mkuu wa stesheni. Aliajiriwa mwaka 1966 katika karakana ya reli mjini Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuandika herufi. Behewa lilipoingia karakana kwa matengenezo, waliochomelea wakachomelea, waliopaka rangi wakapaka, na mwisho kabisa likafikishwa kwake likiwa halina jina. Yeye ndiye aliyelipa jina na kulirudisha duniani.

Siku zote nilidhani hiyo ilikuwa kazi ndogo. Jioni ile babu alinifundisha vingine.

"Herufi kubwa ni za mwenye mali," aliniambia. "Herufi ndogo ni za mwenye kazi."

Herufi kubwa humtaja mmiliki. Na kwa kuwa reli yetu imebadilisha wamiliki mara nyingi, mtu anayezijua herufi hizo anaweza kukisia umri wa behewa kama mfugaji anavyokisia umri wa ng'ombe kwa pembe. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, kwa Kiingereza Uganda Railway, herufi zake UR. Iliingia Nairobi mwaka 1899 na kufika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, ingawa Kampala yenyewe haikufikiwa hadi mwaka 1931. Katika miaka ya 1920 jina likawa la Kenya na Uganda, herufi KUR. Mwaka 1948 reli hiyo ikaunganishwa na ya Tanganyika, zikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, zikapewa shirika lake, nayo reli ikabaki EAR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua njia yake, na huku kwetu zikaja herufi mbili tu: KR.

Lakini tahadhari! Mabehewa hayakupakwa yote siku moja kama ukuta wa shule unavyopakwa kungoja mgeni wa heshima. Kila moja lilingoja zamu yake ya kuingia karakana. Kwa hiyo behewa liliweza kutembea na jina la shirika lililokwisha kufa, miezi na hata miaka, likibeba mizigo ya shirika jipya kama mtu aliyevaa koti la marehemu.

Ndiyo maana babu aliuliza habari za E. Aliandika EAR kwa miaka mingi, kisha akaamriwa azifute na kuandika KR juu yake. "Nilizifuta mwenyewe kwa mkono huu," alisema, akaunyanyua mkono wenyewe tuuone, kana kwamba bado una rangi.

Na herufi ndogo je? Hizo, msomaji, ndizo zilizobeba roho za watu. Mstari mmoja husema uzito wa behewa likiwa tupu. Mwingine husema mzigo wa juu kabisa linaoruhusiwa kubeba. Mwingine husema mwezi na mwaka lilipofanyiwa matengenezo mara ya mwisho. Utaniuliza, mbona hayo yana uzito? Sikiliza. Behewa lililojaa mahindi hupitishwa kwenye mizani ya reli. Mizani haijui mahindi, inajua jumla tu. Karani huchukua jumla, akatoa uzito wa behewa tupu ulioandikwa ubavuni, kinachobaki ndicho mahindi, na hapo ndipo mwenye mahindi hutozwa nauli. Fundi akibadilisha sakafu ya behewa na uzito usiandikwe upya, basi kila mteja atadhulumiwa au reli itadhulumiwa, na hakuna atakayejua. Zaidi ya hayo, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila kilichopanda mlima huo hakina budi kuuteremka. Behewa lililozidishiwa mzigo huvunjika springi, ekseli hushika moto, na treni nzima yaweza kuacha njia. Tarakimu mbili ndogo pembeni zilikuwa ndizo zinazomwambia mpakizi: hapa ndipo mwisho.

Nilirudi shuleni nikaomba jambo hili lijadiliwe chamani. Mjadala ulikuwa mkali. Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne, msemaji hodari, alisimama akasema, "Aa, hii si kazi yetu. Hayo maandishi ni Kiingereza kitupu, na hata si Kiingereza, ni namba tu. Wapeni chama cha historia." Wengi wakapiga makofi. Ukweli wa mambo ni kwamba alikuwa na hoja. Ubavuni mwa behewa lile hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili.

Mwalimu mlezi wetu hakutoa uamuzi. Aliuliza swali moja tu: "Walioyaandika walikuwa wakizungumza lugha gani?"

Jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa babu alikuwa amenieleza. Katika karakana yao walikuwamo Wakenya, Waganda, Watanzania na Wahindi. Amri ilikuja kwenye karatasi kwa Kiingereza. Wao wakaulizana kwa Kiswahili maana yake nini, wakagombana kwa Kiswahili, wakataniana kwa Kiswahili, halafu wakaandika Kiingereza kwenye chuma. Behewa lilivaa Kiingereza ubavuni, lakini lilisukumwa, likafungwa, likapakiwa na kupakuliwa kwa Kiswahili kutoka Mombasa hadi Kampala na hadi Moshi. Nikayasema hayo kwa ufupi, nikakaa. Kura zikapigwa, tukashinda kwa kura mbili.

Basi tukaomba kamati ya ukumbusho itusubiri. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, alitupa majuma matatu, hakuongeza hata siku. "Rangi ikikaa itaganda, watoto wangu," alisema. "Na waliochanga pesa wataniuliza."

Bahati nzuri siku zizo hizo kulikuwa na ziara ya shule Nairobi, na mwalimu akatupitisha katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Wenzetu wengi walikimbilia behewa namba 12, lile ambalo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alivutwa na simba kutoka ndani yake pale stesheni ya Kima mwezi wa Juni mwaka 1900. Ni kisa cha kusisimua, na watu hukichanganya na kile cha simba wa Tsavo wa mwaka 1898, kumbe ni simba wengine kabisa. Sisi wa chama tulijizuia tukaenda kusoma. Tukasoma vibao vya viwanda vilivyounda injini. Tukasimama mbele ya injini kubwa namba 5918, ya aina ya Garratt, daraja la 59. Injini za daraja hilo zilikuwa 34, zote ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hii inaitwa Mount Gelai. Nani kati yetu aliujua mlima Gelai? Hakuna. Ramani ikatuambia uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Nikajiambia, kumbe mlima wa Tanzania umesimama Nairobi miaka yote hii, na hakuna aliyeufuta. Jina la injini lilichongwa kwenye kibao. La behewa lilipakwa tu, na kilichopakwa hufutika kwa burashi moja.

Tuliporudi, kazi ikaanza. Nitaeleza tulivyofanya, huenda msomaji akahitaji siku moja.

Kwanza, tulikatazana kukwangua. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi ndani yake, na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tena ukikwangua herufi ya juu ili uione ya chini, umeua moja ili ufufue nyingine. Katika majumba ya ukumbusho makubwa wataalamu husugua kiduara kidogo sana, ukubwa wa sarafu, mpaka matabaka ya rangi yakatokea kama miviringo ya gogo lililokatwa, wakayahesabu. Sisi si wataalamu, tukaliacha hilo.

Pili, tulitumia jua. Ukilitazama behewa saa sita mchana huoni kitu. Lakini njoo saa kumi na mbili unusu asubuhi, jua likiwa chini linapiga ubavuni kwa kukingama. Hapo kila ukingo wa rangi ya kale hutupa kivuli chembamba. Herufi iliyopakwa mara mbili tatu huwa nene kidogo kuliko chuma kinachoizunguka, na hata ukiipaka rangi nyingine juu, unene wake hubaki kama kovu chini ya nguo. Usiku tulifanya vivyo hivyo kwa tochi, tukiiweka sambamba na ubavu. Asubuhi ya kwanza tuliiona K na R waziwazi. Asubuhi ya tatu msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwa kawaida hafungui kinywa mikutanoni, alipiga kelele, "Njooni! Kuna mguu wa herufi hapa usio wa mtu!"

Ulikuwa mguu wa A. Kushoto kwake, nusu ikiwa imefichwa chini ya K, kulikuwa na mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Naam, ilikuwa ile E.

Tatu, tulinakili. Tulinunua karatasi ya plastiki angavu, tukaibandika juu ya behewa kwa utepe, tukafuata kila ukingo kwa kalamu ya wino mzito. Palipokuwa na mwinuko tukaweka karatasi nyembamba na kusugua penseli, kama watoto wanavyonakili sarafu. Tukapima kimo cha kila herufi, umbali kati yake, na umbali kutoka mlangoni. Mwenzetu yule wa Kidato cha Nne aliyepinga chamani ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko sote, na kuanzia juma la pili hakukosa hata siku moja.

Nne, tulitafuta picha kwa wazee. Hapa mwalimu alitupa onyo zuri juu ya picha za mwanzo wa karne ya 20. Filamu nyingi za wakati huo hazikuihisi rangi nyekundu, kwa hiyo kitu chekundu kilitokea cheusi. Mtu akitazama picha hizo anaweza kuapa kwamba behewa lilikuwa jeusi kama masizi, kumbe lilikuwa jekundu kama pilipili. Picha ni shahidi, lakini shahidi naye huulizwa maswali.

Tano, tuliuliza wenye kujua. Babu alikuwa akinisubiri kila Jumamosi kama mwalimu anayesubiri madaftari. Nikimpelekea nakala, anaisoma. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho, la pili linaona kwa shida, lakini alinieleza mambo ambayo macho yangu mazima hayakuyaona. Kwa mfano aliniuliza kama A yetu ilikuwa na pengo. Nikatazama, kweli, kulikuwa na mapengo mawili membamba.

"Basi hiyo ni ya kiolezo," alisema. Kiolezo kilikuwa bati lililokatwa umbo la herufi. Unalibana behewani, unagonga burashi fupi isiyolowa sana, unaondoa bati, herufi imebaki. Lakini herufi kama A, R, na tarakimu kama 6, 8 na 0 zina tumbo ndani. Ukikata bati kuzunguka tumbo hilo, tumbo litadondoka. Kwa hiyo huachwa vidaraja viwili vya bati vya kulishikilia, na vidaraja hivyo ndivyo vinavyoacha mapengo. Herufi isiyo na pengo iliandikwa kwa mkono mtupu, au mwandishi alirudi akaziba mapengo kwa burashi. Babu alisema mafundi wavivu hawakuziba. Nikamuuliza kama yeye aliziba. Akacheka tu.

Baki basi ile mistari midogo. Uzito mtupu ulikuwa umechakaa mno, tukapata tarakimu moja tu ya uhakika. Lakini pembeni kabisa chini, karibu na ngazi, mahali ambapo mvua haifiki vizuri, tulipata tarehe. Ilikuwa mwezi na mwaka: 8.76. Agosti mwaka 1976. Ilikuwa chini ya rangi ya KR, kwa hiyo iliandikwa wakati wa EAR, katika mwaka wa mwisho kamili wa Jumuiya ile.

Nikakimbia kwa babu kama niliyeokota lulu. "Babu, sabini na sita! Wewe ulikuwapo! Si huenda ni mkono wako?"

Alitaka apelekwe aone mwenyewe. Tukamchukua Jumapili kwa pikipiki, polepole, mjomba akiendesha. Alipofika hakutazama ubavu hata kidogo. Aliuliza iko wapi, nikauchukua mkono wake nikauweka. Akapitisha ncha za vidole juu ya nane, akapita nukta, akafika saba, akasimama. Akairudia. Akairudia tena.

"Hii si yangu," alisema.

Moyo ulininywea. Lakini yeye uso ulikuwa umebadilika, na si kwa huzuni.

"Herufi kubwa ni za bati, bati ni la wote, huwezi kumjua mtu. Lakini tarehe hubadilika kila siku, nani atakata bati kwa kila mwezi? Tarehe tuliandika kwa mkono. Sasa shika hapa. Unaona kuna kikato katikati ya saba?"

Nikagusa. Kweli, shina la ile saba lilikuwa limekatwa na kistari kifupi.

"Mimi saba yangu haina kikato. Katika meza yetu ni mmoja tu aliyekata saba. Rafiki yangu wa Tabora."

Ndipo akatusimulia, sisi tuliokuwapo na wazee waliokuwa wamekusanyika. Waliandika meza moja kwa miaka minane. Walikuwa majirani katika nyumba za reli za Muthurwa. Walitaniana kuhusu kila kitu, na kubwa zaidi lilikuwa hiyo saba, kwa kuwa msimamizi hakuipenda, naye akaendelea kuikata. Mwanzoni mwa mwaka 1977 mambo yalipoharibika, mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Watu wakatakiwa warudi kwao. Rafiki yake aliondoka na sanduku moja na burashi zake. Waliahidiana kuandikiana barua. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba mwaka 1983. Iliandikwa barua moja, haikujibiwa, na labda haikufika.

Mabehewa yaliyokuwa upande huu yakabaki upande huu, yaliyokuwa upande ule yakabaki ule. Njia ya reli kutoka Voi kwenda Taveta na Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kutuunganisha na Moshi, ikakosa mizigo ya kuvusha. Serikali tatu zilibishana juu ya mali ya Jumuiya kwa miaka saba, chini ya mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, mpaka mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Hayo yamo vitabuni. Lakini hakuna asilimia iliyogawa marafiki. Babu alibaki na kazi ya kuifuta E na A, na hakumwona tena aliyekaa naye meza moja.

"Sikujua kama kuna alichoacha," alisema. Hakusema zaidi, nasi hatukumuuliza.

Jumanne iliyofuata tulikwenda mbele ya kamati. Nakiri kwamba nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye methali sita. Sikuihitaji. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusikia, na yeye pia alikuwa mtu wa reli. Hata hivyo halikuwa jambo jepesi. Mweka hazina, mama mmoja mwenye maneno ya haki, alisema, "Watu wametoa shilingi zao waone behewa linang'aa. Mtawaambia nini, kwamba tumeacha kutu kwa sababu ya namba saba?" Kijana mwingine akasema sisi wanafunzi tutamaliza shule twende zetu, na wao watabaki na behewa bovu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ni vizuri niyaandike hapa.

Walijadiliana mpaka jua likazama. Mwishowe wakaamua hivi: upande unaotazama barabara upakwe buluu na manjano kama ilivyokusudiwa, na jina la kijiji liandikwe. Upande unaotazama reli uachwe kama ulivyo, ujengewe kipaa cha mabati kuzuia mvua, na watoto wakatazwe kuukwangua. Nakala zetu za plastiki zikunjwe na kuhifadhiwa shuleni, ili hata chuma kikila kutu, maandishi yabaki. Babu aliombwa aandike jina la kijiji. Alikataa kwa ajili ya macho, lakini alikaa kwenye kiti akamwelekeza mwenzetu yule wa Kidato cha Nne, akampigisha uzi wenye chaki ili mstari usipinde. Herufi zimetoka vizuri, hazina pengo hata moja.

Siku hizi mizigo mingi ya Mombasa hupita kwenye reli mpya ya SGR, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017. Mabehewa yake nayo yana namba na mistari midogo ubavuni. Huenda miaka 50 ijayo kuna mwanafunzi atakayesimama mbele ya moja lililostaafu, akajiuliza ni nani aliyeandika. Namwombea apate wa kumuuliza.

Kwa nini basi nimeyaandika haya katika jarida la chama cha Kiswahili? Kwa sababu sisi wapenzi wa lugha hupenda kusoma yaliyochapishwa vitabuni, tukasahau kwamba watu wengi waliojenga nchi hii hawakuandika vitabu. Waliandika mabehewa, vibao vya vinu vya kusaga, magunia, majahazi, milango ya maduka. Maandishi yao ni mafupi na hayana sahihi. Lakini yana mkono ndani yake, na mkono una mwenyewe. Kwenu pia hapakosi kitu cha namna hiyo. Kabla hakijapakwa rangi, amka alfajiri, jua likiwa chini, ukakitazame. Kisha mtafute mzee ukamuulize mapema, maana rangi inaweza kungoja majuma matatu, mzee hana ahadi hiyo.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Kwaheri ya kuonana.